Mama hajawahi kuvuta sigara na mjomba ameshapata vidonge: tuanze, au tusubiri kipimo cha jeni?

SWALI: Shikamoo daktari. Tunakaa Tanga. Mama yangu ana miaka 61 na hajavuta sigara hata siku moja. Alianza kukohoa mwaka jana. Makohozi yalipimwa yakatoka safi, lakini kwa kutazama picha ya kifua akaanzishiwa dawa za TB. Sasa yuko mwezi wa tano wa dozi, anaendelea kuzimeza, na hali haibadiliki: anakonda, kifua kinambana, mgongo unamuuma usiku. Tulimpeleka Dar es Salaam, akapigwa CT, akatolewa maji kifuani, akachukuliwa kinyama. Majibu yanasema ni saratani ya pafu aina ya adenokasinoma, na imefika kwenye mifupa ya mgongo. Daktari ametuambia tusubiri kipimo cha jeni, kama wiki tatu hivi, ndipo aamue dawa. Mjomba wetu aliyeko Muscat amesoma kuhusu vidonge vya gefitinib, kwamba vinatibu saratani hii kwa watu wasiovuta sigara, na kuna mtu anayetoka India anaweza kutuletea wiki hii. Mama anazidi kudhoofu. Kwa nini tusianze tu? Na je, sisi watoto tuko hatarini?

JIBU: Marhaba, na pole sana kwa kuuguza. Msimpe mama gefitinib kabla majibu ya jeni hayajatoka. Sisemi hivyo kwa sababu dawa yenyewe ni mbaya. Gefitinib ni dawa nzuri, na huenda mama akaishia kuimeza hiyo hiyo. Ila ni nzuri kwa kundi moja la wagonjwa. Kwa kundi jingine haisaidii kitu. Na kwa kumtazama mgonjwa, umri wake, kama ni mwanamke au mwanamume, kama alivuta au hakuvuta, hakuna daktari awezaye kusema kwa uhakika yumo kundi lipi.

Majina ya dawa nitayaandika kama yalivyo kwenye boksi, ili msije mkachanganya duka la dawa.

Juu ya seli za mapafu kuna vipokezi viitwavyo EGFR. Kazi yao ni kupokea ujumbe kutoka nje ya seli kwamba sasa ni wakati wa kukua na kugawanyika. Ujumbe ukiisha, kipokezi hutulia. Kwa baadhi ya wagonjwa wa saratani ya pafu, jeni inayotengeneza kipokezi hicho imebadilika mahali padogo sana: ama kipande kifupi kimekatika katika eksoni ya 19 (eksoni ni sehemu ya jeni), ama herufi moja imegeuka katika eksoni ya 21, badiliko ambalo kwenye karatasi ya majibu huandikwa L858R. Haya mawili peke yake ni zaidi ya asilimia 80 ya mabadiliko yote ya EGFR. Kipokezi kilichobadilika hivyo ni kama kengele ya mlangoni iliyonasa: inalia mchana na usiku bila mtu kuibonyeza, na seli inaendelea kugawanyika tu. Gefitinib huingia kwenye kitundu ambamo kipokezi hupatia nguvu zake na kukiziba. Seli ya saratani iliyokuwa ikiishi kwa kutegemea ujumbe huo mmoja hukosa pa kushika, nyingi zikafa. Lakini saratani ikiwa inaendeshwa na jeni nyingine, kuziba EGFR ni kazi bure.

Somo hili lilipatikana kwa gharama kubwa. Marekani iliruhusu gefitinib Mei 2003, kabla mtu yeyote hajajua inamfaa nani. Ikatolewa kwa wagonjwa wa kila namna. Karibu mmoja kati ya kumi alipata nafuu ya haraka iliyowashangaza madaktari wenyewe. Kwa wengi waliobaki uvimbe haukusinyaa. Mwaka 2004 watafiti wa Boston, kisha wa New York, wakachunguza jeni za uvimbe wa wale waliopata nafuu, wakakuta EGFR imebadilika. Hata hivyo jaribio kubwa lililoitwa ISEL, lenye wagonjwa 1,692 ambao hawakuchaguliwa kwa jeni, lilishindwa kuthibitisha kwamba dawa inarefusha maisha, na mwezi Juni 2005 Marekani ikazuia isianzishiwe wagonjwa wapya. Ilirudi huko Julai 2015, safari hii kwa wenye badiliko la EGFR tu. Dawa ile ile, kidonge kile kile cha miligramu 250. Kilichobadilika ni nani anapewa.

Hoja ya mjomba, kwamba asiyevuta sigara anafaa kupewa, imepimwa pia. Jaribio lililomaliza ubishi linaitwa IPASS, lililoongozwa na Profesa Tony Mok wa Hong Kong, na matokeo yake yalichapishwa 2009. Walichukuliwa wagonjwa 1,217 wa Asia ya Mashariki wenye sifa zile zile anazozitaja mjomba: adenokasinoma, na ama hawajawahi kuvuta ama walivuta kidogo wakaacha. Nusu walipewa gefitinib, nusu wakapewa kemo ya carboplatin na paclitaxel. Waliopatikana na sampuli za kupima EGFR walikuwa 437, na sita kati ya kila kumi ndio waliokuwa na badiliko. Kwa maneno mengine, hata huko, ambako badiliko hili limeenea kuliko kwingineko, na hata baada ya kuwateua wasiovuta, wanne kati ya kumi hawakuwa nalo. Ulaya na Marekani, ukichukua wagonjwa wote wa adenokasinoma, wenye badiliko ni asilimia 10 hadi 15.

Kwa wenye badiliko, uvimbe ulisinyaa vya kutosha kwa asilimia 71 ya waliomeza gefitinib, dhidi ya 47 ya waliopata kemo. Kwa wasio na badiliko, gefitinib ilisinyaza uvimbe kwa asilimia 1 ya wagonjwa, na kemo kwa karibu 24. Tena kwao ugonjwa ulisonga mbele upesi zaidi kuliko kwa wenzao wa kemo. Kwa hiyo mkianza kwa kubahatisha na bahati ikawakataa, hamtakuwa mmeokoa wiki tatu. Mtakuwa mmepoteza mwezi mmoja au miwili ambayo mama angekuwa kwenye dawa inayomfaa, huku nguvu za kuhimili kemo zikizidi kupungua. Kuna na jingine: dawa ikishaanza kufanya kazi, DNA ya saratani iliyokuwa ikielea kwenye damu hupungua haraka. Kama baadaye kinyama kikionekana hakitoshi na ikabidi kupima kwa damu, kipimo kinaweza kutoka hasi cha uongo.

Sasa nigeukie jambo ulilolitaja kwa kupita tu, ambalo mimi limenigusa zaidi kuliko hata suala la mjomba. Mama bado anameza dawa za TB. Ndani ya dozi hiyo kuna rifampicin, na rifampicin huliamsha ini lifanye kazi ya kuvunja dawa nyingine kwa kasi kubwa. Ukimeza gefitinib ukiwa kwenye rifampicin, kiasi cha dawa kinachofika mwilini hushuka kwa asilimia 83. Erlotinib, dawa ya jamii moja na gefitinib, hushuka kwa 69. Osimertinib, ambayo ndiyo mpya na ya bei kubwa, kwa 78. Fikiria familia inauza kiwanja, inanunua vidonge, mgonjwa anavimeza kwa uaminifu kila asubuhi, na robo tu ya dawa ndiyo inayobaki mwilini. Kisha watu wanasema dawa ya India ni feki.

Msiziache dawa za TB kwa uamuzi wenu. TB na saratani vinaweza kukaa kwenye pafu moja, na eneo letu lina TB ya kutosha. Ila daktari wa saratani na kliniki ya TB lazima wazungumze wao kwa wao, wala wasitegemee nyinyi mbebe ujumbe. Swali la kuwauliza ni hili: je, TB iliwahi kuthibitishwa kwa kipimo, iwe hadubini, GeneXpert au kuotesha vimelea, au alianzishiwa kwa kutazama picha peke yake? Kama ni kwa picha tu, na sasa picha ile ina maelezo mengine, huenda wakaamua kuzisimamisha. Kama TB ilithibitishwa, atamaliza dozi na mpango wa vidonge vya saratani utapangwa kuzingatia hilo. Hata akisimamishwa leo, athari ya rifampicin kwenye ini haiishi siku hiyo hiyo. Huchukua kama wiki tatu kutulia. Hii ni sababu nyingine ya kulizungumza wiki hii, wakati kipimo cha jeni kinasubiriwa, ili majibu yakitoka njia iwe nyeupe. Mwambie daktari pia kama mama anatumia dawa za kifafa kama carbamazepine au phenytoin, au ARV, maana baadhi yake huingiliana na vidonge hivi kwa namna hiyo hiyo au kwa kinyume chake.

Kusubiri hakumaanishi kumwacha mama akiteseka. Maji ya kifuani yakirudi yatolewe tena. Akivuta pumzi vizuri hata kula atakula. Maumivu ya mgongo yatibiwe sasa, kwa mofini ikibidi, wala msiogope jina hilo. Mionzi ya siku moja au chache kwenye mfupa unaouma hutuliza sana na haihitaji majibu ya jeni. Na kuna dalili moja ambayo ikitokea hamsubiri kliniki wala kupambazuka: miguu ikianza kuwa mizito au kufa ganzi, au akashindwa kuzuia mkojo au haja. Hapo uti wa mgongo unabanwa, na saa chache ndizo zinazotofautisha kutembea na kutotembea. Mkimbizeni hospitali usiku huo huo.

Na kama daktari ataona hali haiwezi kungoja wiki tatu, anaweza kumwanzishia mzunguko mmoja wa kemo, kisha akabadilisha majibu yakija. Huo ni utaratibu unaokubalika. Kitu ambacho mimi ningekikwepa katika kungoja ni sindano za kuamsha kinga ya mwili, mfano pembrolizumab. Wenye badiliko la EGFR au la ALK (jeni nyingine nitakayoieleza chini) kwa kawaida hawafaidiki nazo sana. Tena hukaa mwilini kwa muda mrefu, na mgonjwa akija kupewa osimertinib muda mfupi baadaye, hatari ya mapafu kuvimba vibaya huongezeka. Nimewaona watu wakijichangisha mamilioni kununua sindano hizo kwanza kwa kuwa ndizo zinazotajwa sana, kisha majibu ya jeni yakaja kuwaambia hawakuzihitaji.

Wakati mnasubiri, hakikisheni kwamba mnachokisubiri kipo kweli. Kipimo cha jeni hushindikana mara nyingi kwa sababu za kawaida kabisa: kinyama kilikuwa kidogo, au kilikaa siku nyingi kwenye fomalini, au kiliisha kwenye vipimo vya kutambua aina ya saratani. Kinachotakiwa ni fomalini ya asilimia 10, na kinyama kikae humo kati ya saa 6 na 72 kabla ya kugandishwa kwenye nta ya parafini. Muulize daktari: mpatholojia amethibitisha kwamba kwenye kipande kilichobaki kuna seli za saratani za kutosha? Kama hazitoshi, msingoje wiki tatu ndipo mwambiwe. Yale maji ya kifuani nayo yana kazi. Seli zake zikikusanywa na kugandishwa huweza kupimwa jeni sawasawa na kinyama. Yakitolewa tena, ombeni yasimwagwe. Mfupa ndio wa mwisho kufikiriwa, kwa sababu maabara hulainisha mfupa kwa tindikali, na tindikali kali huharibu DNA.

Kipimo cha damu kipo pia. Marekani iliidhinisha cha kwanza cha EGFR mwaka 2016. Kikitoka chanya, kinaaminika na tiba inaweza kuanza. Kikitoka hasi hakijasema neno, kwa sababu karibu mgonjwa mmoja kati ya watatu wenye badiliko damu yao hailionyeshi. Hapo hurudi kwenye kinyama.

Ulizia vilevile ni kipimo gani kilichoagizwa. Cha PCR hutafuta mabadiliko yanayojulikana ya jeni moja, hutoka haraka na bei yake ni nafuu. Kile kipana husoma jeni nyingi kwa pamoja, na mara nyingi sampuli hupelekwa nje ya nchi. Kwa mtu ambaye hajawahi kuvuta sigara, uwezekano wa kuikuta moja ya jeni zenye dawa ni mkubwa, kwa hiyo kama pesa inaruhusu ningechagua kile kipana, hasa kinyama kikiwa kidogo. Ukipima moja moja kinaweza kuisha kabla hujafika kwenye jeni yenyewe. Mjomba akitaka kutoa msaada wenye thamani leo, alipie kipimo hicho.

Sasa tuchukulie majibu yametoka na EGFR ni chanya, eksoni ya 19 au L858R. Dawa inayopewa kipaumbele duniani kwa sasa ni osimertinib, kidonge kimoja cha miligramu 80 kwa siku. Katika jaribio la FLAURA ililinganishwa na gefitinib au erlotinib: ugonjwa ulikaa bila kusonga kwa miezi 18.9 dhidi ya 10.2, na muda wa kuishi ukawa miezi 38.6 dhidi ya 31.8. Takwimu hizo ni za katikati: nusu ya wagonjwa walizipita, nusu hawakuzifikia. Ubora wake mwingine ni kwamba huingia vizuri kwenye ubongo, ambako saratani ya EGFR hupenda kwenda. Ndiyo sababu ni vema mama apigwe picha ya ubongo kabla ya kuanza. Siku hizi wapo wanaoongezewa kemo juu ya osimertinib, na muda wa ugonjwa kutulia ukafika miezi 25.5 dhidi ya 16.7 ya kidonge pekee, lakini kwa mama aliyedhoofika kama unavyoeleza, ningeanza na kidonge peke yake.

Zitazame tena zile namba za FLAURA kwa jicho la familia ya Tanga. Wale wa dawa za zamani waliishi miezi 31.8, na baadhi yao walipewa osimertinib baadaye. Hiyo si takataka. Shirika la Afya Duniani liliiingiza erlotinib kwenye orodha yake ya dawa muhimu mwaka 2019, pamoja na gefitinib na afatinib kama mbadala wake, na zinatengenezwa India na viwanda vingi, kwa bei iliyo chini mno ya osimertinib halisi. Maoni yangu ni kwamba gefitinib mnayoweza kuinunua kila mwezi bila kukatika ni bora kuliko osimertinib ya miezi miwili inayofuatwa na mwezi wa kutafutana. Dawa hizi humezwa kila siku maadamu zinafanya kazi. Zikikatika ghafla, kwa baadhi ya wagonjwa ugonjwa huchachamaa ndani ya siku chache. Kwa hiyo kabla ya kidonge cha kwanza, kaeni kikao cha ukoo, pigeni hesabu ya mwaka mzima, na mwulize daktari kama bima yenu inachangia na kama kampuni ina mpango wa msaada kwa wagonjwa.

Kama dawa itatoka nje, msiitegemee mizigo ya wasafiri. Cheti cha daktari kiwepo, risiti ya duka iwepo, boksi lisiwe limefunguliwa, namba ya toleo na tarehe ya kuisha zisomeke, na daktari aione kabla mama hajaimeza. Kuna soko kubwa la vidonge vya saratani vya kughushi, na mgonjwa hana namna ya kuvitambua kwa macho. Ulizeni kwanza kama TMDA, mamlaka ya dawa nchini, imeisajili dawa hiyo. Ikiwa imesajiliwa, duka lenye kibali linaweza kuiagiza kwa njia iliyonyooka.

Akianza, mtaona mabadiliko mapema. Wengi kikohozi hupungua ndani ya wiki mbili tatu. Mtaona pia madhara, kwa sababu EGFR ya kawaida iko kwenye ngozi na utumbo, na dawa huigusa. Vipele vitatoka usoni na kifuani vinavyofanana na chunusi, lakini si chunusi. Msimpake dawa za chunusi, zitamkausha na kumchoma. Apake mafuta mazito yasiyo na manukato, ajikinge na jua, na daktari anaweza kumpa doxycycline tangu mwanzo ili visizidi. Kuhara kunatulizwa kwa loperamide na maji ya chumvichumvi ya ORS. Kingo za kucha huvimba na kuuma, hasa miguuni, basi viatu vya kubana viwekwe pembeni. Kwa gefitinib na erlotinib, dawa za vidonda vya tumbo za jamii ya omeprazole hupunguza ufyonzwaji, na balungi huongeza dawa kwenye damu kupita kiasi. Erlotinib humezwa tumbo likiwa tupu, saa moja kabla ya chakula au saa mbili baada yake. Osimertinib haina masharti hayo ya chakula, ila moyo upimwe ECG, yaani kipimo cha umeme wa moyo, kabla na baada ya kuanza. Miti shamba, yoyote ile na hata ikitoka kwa mtu mnayemheshimu, itajwe kwa daktari kwanza. Ini linalovunja vidonge hivi ndilo hilo hilo linalovunja na mizizi.

Dalili ya hatari ni moja: kikohozi kikavu kipya au kuishiwa pumzi kunakozidi ghafla, pengine na homa. Dawa zenyewe huweza kuvimbisha mapafu. Kwa osimertinib hutokea kwa wagonjwa wapatao 4 katika 100. Ikitokea, kidonge kinasimama siku hiyo na mgonjwa anakwenda hospitali. Msidhani ni saratani inarudi, wala msikimbilie tena dawa za TB.

Sitakuficha: kwa saratani iliyofika mifupani, vidonge hivi having'oi ugonjwa. Vinautuliza kwa miezi mingi, kwa wengine miaka, kisha saratani hupata njia. Kwa waliotumia gefitinib au erlotinib, zaidi ya nusu ya njia hizo ni badiliko jipya kwenye EGFR ile ile, liitwalo T790M, na hilo lina dawa: osimertinib. Kwa hiyo aliyeanza na dawa ya bei nafuu bado ana karata mkononi, mradi apimwe tena ugonjwa ukianza kusonga badala ya kubadilishiwa dawa kwa kukisia. Aliyeanza na osimertinib, njia za usugu ni nyingi zaidi; wachache saratani yao hugeuka kabisa ikawa aina ya seli ndogo, ambayo tiba yake ni tofauti, na hilo hugundulika kwa kuchukua kinyama upya.

EGFR ikitoka hasi, msivunjike moyo siku hiyo. Kuna ALK, ambayo Hiroyuki Mano na wenzake nchini Japani waliigundua kwenye saratani ya pafu mwaka 2007; ni kama asilimia 4 tu ya wagonjwa, na wengi ni wasiovuta sigara. Dawa zake ni nzuri kupita hata za EGFR: kwa lorlatinib, asilimia 60 ya wagonjwa walifika miaka mitano bila ugonjwa kusonga. ALK huweza kupimwa kwa kupaka rangi maalumu kwenye kipande kile kile cha kinyama, bila mashine kubwa ya jeni, kwa hiyo ulizia hata kama kipimo kipana hamkukimudu. ROS1, RET, MET, BRAF na HER2 nazo zina dawa zake. KRAS hupatikana zaidi kwa wavutaji, na aina yake moja tu, G12C, ndiyo iliyopata vidonge, kuanzia sotorasib ya mwaka 2021. Pasipo hata moja, kuna kemo, na hapo sasa zile sindano za kinga zinaweza kuwa na nafasi.

Kuhusu nyinyi watoto: badiliko la EGFR au ALK linalotafutwa kwa mama limetokea ndani ya seli za pafu lake ukubwani. Isipokuwa kwa nadra sana, hakuzaliwa nalo, na hakuwapa. Hakuna haja ya kukimbilia maabara kupima jeni zenu. Kuwa na mzazi aliyeugua saratani ya pafu huongeza hatari kidogo, basi asiyevuta asianze na anayevuta aache, na moshi wa kuni na mkaa utolewe nje ya chumba cha kupikia. Na yeyote kati yenu akikohoa zaidi ya wiki tatu, makohozi yakawa safi na dawa za TB zisipombadilisha ndani ya miezi miwili, adai CT mapema.